Mpiga Gitaa Nje ya Bendi Yake: Keith Richards na Mzozo wa Albamu ya Binafsi

Talaka ambayo haikuwa talaka

Mwezi wa Oktoba 1988, Keith Richards, mpiga gitaa aliyekuwamo katika Rolling Stones tangu bendi hiyo ilipoundwa London mwaka 1962, alitoa albamu ya kwanza kwa jina lake mwenyewe, akaiita Talk Is Cheap. Na kwa kuwa bendi yenyewe ilikuwa haijatoa albamu tangu Machi 1986, wala haijafanya safari ya maonyesho tangu 1982, na kwa kuwa mojawapo ya nyimbo kumi na moja zilizomo ilimlenga waziwazi Mick Jagger, mwimbaji na mtunzi mwenzake wa miaka mingi, mashabiki wengi waliipokea albamu hiyo kama hati ya talaka. Haukupita mwaka. Tarehe 31 Agosti 1989 Richards na Jagger walikuwa pamoja jukwaani huko Philadelphia, wakifungua safari ya maonyesho ya albamu mpya ya bendi, Steel Wheels, na wale waliokwisha kuwasomea hitima wakabaki wameduwaa.

Mkanganyiko ule haujaisha hata leo. Kila mpiga gitaa wa bendi kubwa anapoingia studio na watu wengine, huulizwa maswali yale yale: je, amewachoka wenzake, na je, bendi imekufa? Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki utata huzidi, kwa sababu muziki wetu wa dansi umemzoeza jambo jingine, nalo ni kuhama: Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, hakwenda likizo, alihama kabisa, na kila upande ukashika njia yake. Mpiga gitaa wa roki anayetoa albamu ya binafsi aghalabu hutoka huku ufunguo wa nyumba ungali mfukoni mwake, na kwa hiyo kumhukumu kwa kanuni ya mhamaji ni kumdhulumu. Ila kumwachia huru bila kuuliza nini kilichomtoa, na nani aliyelipia kutoka kwake, nako si insafu.

Sharika na mgawo wake

Bendi ya roki, tukiitazama kwa jicho la muamala, ni sharika ya watu wanne au watano wanaogawana vitu visivyowatosha: nafasi katika santuri, wakati wa studio na wa safari, na mirabaha ya utunzi. Santuri ya zamani ilichukua dakika arobaini na ushei kwa pande zake mbili, basi wimbo mmoja uliokubaliwa ulikuwa, kwa hesabu tu, wimbo wa mwingine uliokataliwa. George Harrison, mpiga gitaa wa Beatles, aliijua hesabu hiyo vyema. Katika albamu yao ya jalada jeupe ya mwaka 1968, iliyokuwa na santuri mbili nzima na nyimbo 30, zake zilikuwa nne, na zilizosalia karibu zote zilikuwa za wenzake Lennon na McCartney, ilhali yeye wakati huo alikuwa akitunga kwa wingi na kwa ubora ambao hata wenzake walikuja kuukiri baadaye.

Upande wa fedha una mfano wake mashuhuri. Queen walipotoa santuri ndogo ya Bohemian Rhapsody mwaka 1975, wimbo wa upande wa kwanza ulikuwa wa Freddie Mercury, mwimbaji wao aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, na wa upande wa pili ulikuwa wa Roger Taylor, mpiga dramu. Na maadamu hesabu ya mirabaha haimuulizi mnunuzi ni upande gani uliompeleka dukani, mtunzi wa upande wa pili alipata fungu sawasawa na mtunzi wa upande wa kwanza. Manung'uniko yaliyotokana na mambo ya namna hiyo yaliwachukua miaka kuyamaliza, mpaka katika albamu ya The Miracle ya 1989 wote wanne walipoafikiana kwamba kila wimbo utaandikwa kwa jina la bendi.

Basi mwenye kutoka nje, kabla hatujamtaja kuwa msaliti au mbunifu, ni mshirika aliyeona fungu lake dogo katika mojawapo ya hayo. Na mpiga gitaa ana hali yake ya pekee. Mwimbaji akitoka huondoka na uso wa bendi, na watu humfuata kwa kuwa sauti waijuayo ni yake. Mpiga gitaa huondoka na mwendo na mkong'osio wa bendi, vitu ambavyo msikilizaji wa kawaida huvihisi bila kuvitaja, kisha inambidi atafute nani wa kuimba; na mara nyingi, kwa kukosa mwingine, huimba mwenyewe.

Hoja ya wanaoiogopa

Hoja ya kwanza husema kwamba albamu ya binafsi ni ufa, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye kuishika hoja hii kwa nguvu kuliko wote, kwa ajabu, alikuwa Richards mwenyewe. Mwaka 1983 Rolling Stones walipofunga mkataba na kampuni ya CBS, Jagger alijipatia pia nafasi ya kutoa albamu zake binafsi kwa kampuni hiyo hiyo. Naye Richards ameeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 2010, kwamba jambo hilo lilipangwa bila wenzake kujua. Albamu ya Jagger ikatoka Februari 1985, wakati bendi imo Paris ikirekodi Dirty Work, na mwimbaji akawa mara yumo studio, mara hayumo, kwa kuwa alikuwa na bidhaa yake ya kuitangaza. Dirty Work ilipotoka mwaka uliofuata, Jagger alikataa kwenda nayo safarini. Mwaka 1988 akafanya maonyesho yake Japani bila wenzake, akaimba humo nyimbo nyingi za Rolling Stones, na gitaa lilishikwa na mtu mwingine, Joe Satriani.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba wakati haugawanyiki. Mwaka mmoja ambao mtu ameutoa kwa albamu yake ni mwaka ambao Charlie Watts na Bill Wyman, mpiga dramu na mpiga besi, walikaa wakingoja; na chini yao wapo mafundi wa sauti, wachukuzi na watu wa taa, ambao bendi isiposafiri hawana mapato ya safari, na ambao hakuna shabiki anayewakumbuka katika mabishano haya. Watts alitumia mwanya huo kukusanya okestra kubwa ya jazz, jambo alilolipenda tangu ujana. Lakini si kila mtu katika msafara ana jina la kumwezesha kufanya hivyo.

Mfano wa karibu zaidi na zama zetu ni Jonny Greenwood wa Radiohead. Tangu bendi hiyo ilipotoa A Moon Shaped Pool mwaka 2016, Greenwood na mwimbaji Thom Yorke waliunda bendi nyingine, The Smile, pamoja na mpiga dramu Tom Skinner, na kufikia mwisho wa 2024 bendi hiyo ya nje ilikuwa imetoa albamu tatu, ilhali nyumba kubwa haijatoa hata moja. Hapa hofu ya mashabiki haikuwa wasiwasi mtupu. Ilikuwa ni hesabu.

Udhaifu wa hoja hii ni kuichanganya homa na maradhi. Ace Frehley, mpiga gitaa wa Kiss, alitoa albamu yake Septemba 1978, akaiacha bendi 1982, na wengi huunganisha mambo hayo mawili kana kwamba la kwanza lilizaa la pili. Lakini wenzake watatu nao walitoa albamu zao binafsi siku ile ile moja, tarehe 18 Septemba, kwa mpango wa bendi nzima, na waanzilishi Paul Stanley na Gene Simmons hawakuondoka. Lililomtoa Frehley lilikuwako kabla ya santuri na liliendelea baada yake. Kadhalika kwa Rolling Stones: uhasama wa Richards na Jagger juu ya nani mwenye neno la mwisho ulikuwa umekwisha kuota mizizi kabla albamu yoyote ya binafsi haijafika dukani.

Hoja ya wanaoitetea

Upande wa pili husema kwamba chungu kisicho na tundu la mvuke hupasuka, na kwamba albamu ya nje ndilo tundu lenyewe. Ushahidi wao mzuri kabisa, nao hautajwi inavyostahili, ni safari ya Harrison kwenda Bombay mwezi wa Januari 1968. Alikwenda kurekodi muziki wa filamu ya Wonderwall pamoja na wapiga ala wa Kihindi, na albamu iliyotokana na kazi hiyo ikawa ya kwanza ya binafsi kutolewa na mwana-Beatles yeyote. Huko huko, kwa muda uliobaki na kwa wapiga ala wale wale, akarekodi muziki wa The Inner Light. Akaurudisha London, ukatiwa sauti, ukatolewa Machi mwaka huo upande wa pili wa Lady Madonna, na ndio ukawa wimbo wake wa kwanza kuwamo katika santuri ndogo ya Beatles. Kwa miaka mitano mlango huo ulikuwa umefungwa kwake ndani ya nyumba, naye akaufungulia kutoka nje.

Brian May wa Queen ni mfano wa utulivu zaidi. Tarehe 21 na 22 Aprili 1983, wakati Queen wamekubaliana kupumzika, aliwaita rafiki zake katika studio ya Record Plant, Los Angeles: Eddie Van Halen kwa gitaa la pili, Phil Chen kwa besi, Alan Gratzer kwa dramu na Fred Mandel kwa kinanda. Wimbo wa kwanza ulikuwa muziki wa mchezo wa watoto wa televisheni, wenye vikaragosi vya Kijapani, ambao mwanawe mdogo aliupenda. Ajuaye Queen anajua jinsi May anavyojenga gitaa lake: hupanga sauti juu ya sauti, tabaka kwa tabaka, mpaka gitaa moja, lile alilolichonga ujanani pamoja na baba yake kwa mbao za rafu ya meko, linasikika kama okestra nzima. Hapa hakuna matabaka. Watu wawili wanasimama wakiulizana na kujibizana kwa nyuzi, papo kwa papo, na mazungumzo yao ya blues yanakwenda karibu dakika 13; katika wimbo mwingine uzi wa juu wa Van Halen unavutwa mpaka unakatika, na kukatika kwake kumeachwa katika santuri. Kazi ya siku mbili ilitolewa Oktoba mwaka huo. Queen wakarudi Agosti katika studio ile ile kurekodi The Works, na Mandel akawamo pamoja nao. Hakuna aliyemnunia mwenzake.

Lakini watetezi nao wana la kujibu. Kilichotoka nje hakirudi chote. Harrison alipotoa All Things Must Pass mwezi wa Novemba 1970, santuri tatu katika kasha moja, zilikuwamo nyimbo alizokuwa amewaletea Beatles wakazipitia mazoezini na kuziacha, na mwenye kuzisikiliza leo hawezi kujizuia kuwaza zingalikuwaje lau McCartney angalizitilia besi. Kwa kuchelewa kutoka, Harrison aliutajirisha mkono wake. Kwa kuchelewa kumpa nafasi, wenzake walijifukarisha. Hasara hii haimo katika hesabu ya wale wasemao kwamba kila albamu ya nje ni neema.

Soko lasemaje

Wapo wanaoyakataa mabishano yote haya na kusema kwamba tujara ndiyo hukata shauri. Talk Is Cheap ilifika nafasi ya 24 katika orodha ya Billboard ya Marekani. Steel Wheels, mwaka mmoja baadaye, ilifika ya 3. Albamu nne za Kiss zilipelekwa madukani kwa zaidi ya nakala milioni moja kila moja, na nyingi zikarudishwa. Jina la bendi huuza kuliko jina la mtu, kwa hiyo mtu hurudi. Ni kweli, nami sioni haja ya kulirefusha: soko linaeleza kwa nini watu hurudi, halielezi wanarudi na nini mkononi.

Kilichomo ndani ya santuri

Na hapo ndipo inapotubidi kuisikiliza Talk Is Cheap yenyewe, badala ya kuisoma kama barua ya ugomvi.

Richards hupiga gitaa la nyuzi tano. Uzi wa sita, ule mnene, ameuondoa, na tano zilizobaki amezitegesha ili ukizipiga wazi, bila kuweka kidole, zitoe mwafaka mmoja kamili. Kwa hiyo mkono wa kushoto una kazi ndogo ya kuongeza na kuondoa, na mkono wa kulia ndio unaosema. Gitaa la namna hii halijazi nafasi, huikata, na huhitaji mpiga dramu anayejua kuiacha wazi. Katika Rolling Stones mtu huyo alikuwa Watts. Nje ya bendi alikuwa Steve Jordan, kijana wa New York ambaye, kwa simulizi ya Richards, Watts mwenyewe ndiye aliyempendekeza kwamba, ukija kufanya kazi na mwingine, mtu wako ni huyu. Jordan hakuwa wa kupiga tu: alitunga pamoja na Richards, akaisimamia albamu pamoja naye, na tangu miaka ya sitini Richards hakuwa amepata kukaa meza moja na mtunzi mwingine zaidi ya Jagger kwa kazi nzima kama ile.

Waliowazunguka walikuwa Waddy Wachtel kwa gitaa la pili, Ivan Neville kwa kinanda na Charley Drayton kwa besi, ambaye yeye na Jordan waliweza kubadilishana vyombo wimbo ukitaka hivyo. Wageni waliitwa kila mmoja kwa ajili ya wimbo wake. Big Enough una besi ya Bootsy Collins na saksafoni ya Maceo Parker, watu waliolelewa na James Brown. I Could Have Stood You Up una piano ya Johnnie Johnson, yule yule aliyekaa nyuma ya Chuck Berry, na gitaa la Mick Taylor, aliyeiacha Rolling Stones mwaka 1974. Na katika Make No Mistake, Richards anaimba kwa sauti ya chini, karibu na kunong'ona, akijibiwa na Sarah Dash, huku pembe za Memphis zikipita nyuma yao taratibu. Hakuna hata moja ya hayo ambalo Rolling Stones wa 1986 wangaliweza kulitenda, kwani Dirty Work ni albamu ya watu wanaopandishiana sauti, na wimbo kama huu wa mwisho unataka watu wanaosikilizana.

Kasoro yake pia isifichwe. Sauti ya Richards ni ya mtu aliyezoea kuimba wimbo mmoja au miwili katika albamu, na anapoimba kumi na moja, zipo sehemu ambapo muziki umejengwa kama ukumbi na mwenye hotuba hajafika. Yeye mwenyewe alikuja kukiri kwamba kusimama mbele usiku kucha, katika maonyesho aliyoyafanya Marekani mwishoni mwa mwaka ule wa 1988, kulimfundisha uzito wa kazi ya Jagger, ambayo kwa miaka ishirini na mitano alikuwa akiitazama kutoka hatua tatu nyuma.

Mizani

Nikizipima hoja hizi, naona kwamba swali la kama albamu ya nje hujenga au hubomoa limeulizwa vibaya. Lililo zito ni namna inavyotoka. May alitoka wakati wa mapumziko yaliyokubaliwa na wote, akafanya jambo ambalo Queen hawangelifanya, na hakuchukua cha mtu. Jagger alitoka wakati bendi imo kazini, kwa mkataba wenzake wasioujua, kisha akazichukua nyimbo za bendi akaenda kuziimba na watu wengine. Nami sisiti kusema kwamba kosa lilikuwa hapo, halikuwa katika kutaka kuimba peke yake. Harrison alitoka kwa sababu nyumba ilikuwa finyu, na lawama ya ufinyu ni ya wenye nyumba. Albamu za Greenwood na Yorke ni ngumu zaidi kuzihukumu, kwa kuwa muziki wao ni mzuri kwelikweli, na wanaoukosa muziki wa Radiohead wana haki ya kusikitika bila kuwa na haki ya kuudai.

Kwa Richards, aliyeanza kwa hasira, mambo yaligeuka kuwa heri kuliko alivyokusudia. Alitoka akiwa amejeruhiwa na akaandika wimbo wa kumrushia maneno mwenzake, naam. Lakini alikuwa amesubiri mpaka bendi iliposimama kabisa, na Januari 1989, walipokutana Barbados yeye na Jagger kutazama kama bado wanaweza kutunga pamoja, alifika akiwa mtu aliyekwisha kuthibitisha kwamba anaweza bila mwenzake, na kwa hiyo hakuwa na haja tena ya kumshinda. Albamu mbili nyingine za binafsi, Main Offender ya 1992 na Crosseyed Heart ya 2015, alizitoa bila kishindo, na Jordan alikuwamo katika zote mbili.

Mwezi wa Agosti 2021 Charlie Watts alifariki dunia. Tarehe 26 Septemba mwaka huo Rolling Stones walianza safari yao ya maonyesho mjini St. Louis, mji ule ule ambamo, Oktoba 1986, Richards alikuwa amekusanya bendi ya kumpigia Chuck Berry katika sherehe ya kutimiza miaka sitini, na kumweka Steve Jordan kwenye dramu. Safari hii pia aliyekaa kwenye dramu alikuwa Jordan.